Mbuzi Aliyeitwa Njooni-Mwone

"Mwita mbuzi kwa kinyongo, kilioni huitikiwa na mbuzi."

Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi hii, mlipokuwa mkicheka kule bandani na kutafuta majina ya wale mbuzi wapya. Mmoja wenu alitaka beberu aitwe Wataisoma, mwingine akataka jike aitwe Roho-Ziwaume, ili jirani akisikia aelewe. Mama yenu hakugomba. Alisema maneno hayo tu, akabeba ndoo yake akaenda zake. Sasa mmekuja kwangu kuuliza yalitoka wapi. Kaeni basi, na hayo mahindi endeleeni kuyapukuchua huku mkisikiliza. Chanzo chake kilikuwa hivi.

Huko Upareni, juu kabisa ambako mawingu hushuka yakaingia mpaka jikoni, waliishi ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Mrindoko, mdogo Kisaka. Baba yao alipokuwa hai walilima pamoja na kula makande ya chungu kimoja, wala hapakuwa na cha Mrindoko na cha Kisaka. Mzee alipofariki, wazee wa ukoo waliketi kugawa shamba. Mrindoko, kwa kuwa ndiye mkubwa na alikwisha kuwa na watoto wengi, alipewa upande mmoja wa korongo, penye udongo mweusi, karibu na ndiva, lile bwawa ambamo watu wa huko hukusanya maji ya mfereji. Kisaka alipewa upande wa pili, mteremko mkali uliojaa mawe, ambao baba yao mwenyewe hakuwahi kuulima.

Pengine hayo yangepita. Urithi haujawahi kumridhisha kila mtu, na watu huzoea. Lakini siku ile, wazee walipokuwa wakiinuka kwenda zao, Mrindoko aliutazama ule mteremko akasema, nusu kwa utani, "Hapo, mdogo wangu, hata mbuzi atakufa njaa."

Watu wakacheka, hata wazee. Kisaka hakucheka. Alikuwa amesimama na mkewe Nakunda, aliyembeba binti yao Namsi mgongoni, na aliona jinsi mkewe alivyoinamisha uso. Neno lile lilimwingia likakaa.

Wakahamia ng'ambo. Kwa miaka kadhaa watu waliwaona kule juu wakiinama na kuinuka kama wanaotafuta kitu kilichopotea. Waling'oa mawe kwa mtaimbo, wakayapanga kuwa kingo za matuta, ukuta juu ya ukuta kama ngazi. Udongo waliutoa chini kabisa kijitoni, wakaubeba kwa vikapu kichwani mpaka juu, na mvua ikiushusha, wanaurudisha. Nakunda alifanya kazi ile akiwa mjamzito mara mbili, na mimba zote mbili hazikufika mwisho. Hakumlaumu mtu. Akipumzika, alikaa juu ya ukingo na kutazama bonde lote, akasema, "Lakini upepo wa huku ni mzuri."

Mwishowe mteremko ulianza kujibu. Migomba ilishika, maharage yakatambaa, tangawizi ikajaa chini ya kivuli. Mjomba wa Nakunda akawapa ng'ombe wa kufuga, kwa sharti kwamba ndama wa kwanza arudi kwake. Kisaka akajenga zizi, akaliegemeza kwenye ukuta wa mawe wa tuta la juu ili kupunguza kazi ya kuta. Kisha akaja na mbuzi jike mwenye madoa meusi na meupe, mwenye masikio marefu na tabia ya kumfuata mtu nyuma kama mtoto.

Jioni moja, wakiwa wamekaa nje wanasubiri chungu kiive, Nakunda akasema kwamba mahali pale sasa pamekuwa kwao, na kwao kwa mtu kuna jina. Kwao alikozaliwa shamba liliitwa, ng'ombe aliitwa, hata jogoo aliitwa. Namsi, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule, akafurahi kupita kiasi. Akawapa kuku majina papo hapo, huyu Kibibi, yule Mchafukoge, yule mwingine Mwalimu kwa sababu alitembea kwa maringo huku amefunga mabawa nyuma.

"Na shamba?" akauliza Kisaka, akitabasamu.

"Mimi ningeliita Pumziko," akasema Nakunda. "Na mbuzi tumwite Madoa. Mwenyewe keshajieleza."

Kisaka akachokoa moto kwa kijiti. Ng'ambo ya korongo moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwa kaka yake, na sauti za watoto wa kule zilisikika wazi, maana korongo lilikuwa jembamba ingawa lilikuwa refu kwenda chini. Mtu akikohoa upande huu, upande ule wanasema pole. Nyumba nyingine zote zilikuwa nyuma ya kilima.

"Shamba litaitwa Jiwe-Limezaa," akasema. "Ng'ombe ni Hawakujua. Na mbuzi ataitwa Njooni-Mwone."

Namsi akacheka, akalirudia jina la mbuzi mara nyingi kwa wimbo. Nakunda hakucheka.

"Baba Namsi," akasema, "jina la mnyama huitwa kila siku. Kama una neno na kaka yako, vuka ukamwambie mara moja, liishe. Hili utamwambia asubuhi na jioni mpaka mbuzi afe."

"Ndiyo maana nimelipenda."

"Na sisi tutakaokuwa tunamwita je? Mimi sina ugomvi na mtu wa ng'ambo."

"Wewe mwite utakavyo," akasema Kisaka. "Lakini mimi nitamwita hivyo, na hivyo ndivyo atakavyozoea."

Ikawa kama alivyosema. Kila jioni ukungu ulipoanza kupanda, Kisaka alisimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti ndefu, "Njooniii! Njooni-Mwoneee!" Mbuzi akashuka mbio kutoka vichakani, akiitika njia nzima. Jioni ya kwanza Mrindoko alikuwa akifungua maji ya mfereji. Aliinua kichwa, akasikiliza, akaelewa. Akainama tena kwenye kazi yake. Jioni ya pili alielewa zaidi. Baada ya muda alileta mbwa, akampa jina la Tumeona, na tangu hapo Kisaka akimaliza kumwita mbuzi wake, ng'ambo ya pili huinuka sauti ya Mrindoko, nzito na ya taratibu, "Tumeona! Tumeona, Tumeona!" Mbwa akabweka, watoto wakacheka, na wapita njia waliokuwa wakishuka kwenda sokoni wakawa na kitu cha kusimulia.

Ndugu hao wakaacha kusalimiana. Kisaka akaacha hata kutaja jina la kaka yake, akawa anasema "wale wa ng'ambo." Kanisani waliketi safu za mbali. Wake zao lakini hawakuufuata ugomvi. Nakunda na mke wa Mrindoko, ambaye watu walimwita Mama Togolai kwa jina la mwanawe wa kwanza, walikutana kijitoni wakichota maji, wakapeana chumvi, mbegu na habari za watoto, kisha kila mmoja akapanda upande wake. Nakunda alimwita mbuzi Madoa, kwa sauti ya chini, na mbuzi hakuitika jina hilo hata siku moja. Yeye alilijua lile linalopigiwa kelele.

Mambo yakaenda hivyo mpaka ikaja masika moja ambayo mvua yake haikujua kupumzika. Ilinyesha hadi mawe yakaanza kutoka jasho. Mifereji ilifurika, kijito cha korongoni kikawa kinanguruma mchana kutwa. Siku yenyewe ilikuwa katikati ya juma, Namsi yuko shule nyuma ya kilima. Baada ya chakula cha mchana ukungu ulishuka mzito, hata migomba iliyo mbele ya mlango ikapotea.

Nakunda aliona maji yakipenya ndani ya zizi. Akaingia kumfungua ng'ombe amtoe. Kisaka alikuwa nyuma ya nyumba akizibua mtaro. Alisikia ng'ombe akitoka mbio, kisha akasikia mlio ambao hakuufahamu, kama gunia kubwa la mahindi linalomwagwa. Ukuta wa tuta la juu ulikuwa umeachia, na mawe yote aliyoyapanga kwa mikono yake yalikuwa yamelala juu ya zizi.

Alimkuta mkewe amefukiwa kuanzia kiunoni kwenda chini. Boriti kubwa ya paa ilikuwa imevunjika upande mmoja na kuning'inia juu ya kifua chake, na juu ya boriti kulikuwa na mawe na udongo ambao bado ulikuwa unateremka. Kisaka hakuwaza. Alijiingiza chini, akaiweka boriti begani, akasukuma kwa miguu yote miwili. Ikasimama. Lakini alipojaribu kunyoosha mkono aondoe jiwe moja, boriti ikashuka kidogo, na Nakunda akatoa sauti. Hapo akafahamu kwamba hawezi kuondoka, wala hawezi kufukua. Alichobaki nacho kilikuwa mdomo tu.

Akaita. Akaita neno ambalo mtu yeyote huita anapofikwa, "Njooni! Njooni mwone! Njooni, tunakufa huku!"

Sauti yake iliingia kwenye ukungu. Mwanzo wa maneno ulivuka, kwa kuwa mwanzo ndio uliokuwa na nguvu. Mwisho wake ulimezwa na mvua na mngurumo wa kijito.

Akasubiri. Kisha ng'ambo, kwa sauti nzito na ya taratibu, likaja jibu. "Tumeona! Tumeona, Tumeona!"

Machozi yakamtoka Kisaka kwa furaha. Kwa dakika ile alimsamehe kaka yake kila kitu, toka ndiva hadi kile kicheko cha wazee. Akamwambia mkewe, "Wameona. Wanakuja. Vumilia, Mama Namsi, wamesema wameona."

Nakunda alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umelowa na kuwa mweupe kama majivu. Akasema polepole, "Anamwita mbwa, Baba Namsi."

Kisaka akageuza uso kuelekea ng'ambo.

"Anadhani na wewe unamwita mbuzi," akasema tena, bila uchungu wowote, kama mtu anayemweleza mwenzake njia.

Ndipo Kisaka akaita tena, na tena. Alitafuta maneno mengine. Alitafuta jina la kaka yake, na jina lile lilikuwa limekaa miaka bila kutamkwa, halikuja upesi. Lilipokuja, kifua chake kilikuwa kimebanwa na uzito wa boriti na sauti ilikuwa imekauka. Aliita "Mrindoko" kama mtu anayenong'ona. Lile halikuvuka hata uwanja.

Akasikia hatua karibu, kokoto zikiteleza. Moyo ukamruka. Kutoka kwenye ukungu akatokea mbuzi, amelowa, anatetemeka. Alikuwa amesikia anaitwa, akaja. Akasimama mbele yao akimtazama Kisaka usoni, akisubiri kama alivyozoea kusubiri chumvi ya mkononi, na kila baada ya muda akawa analia kidogo, kuonyesha kwamba ameitika.

"Madoa amekuja," akasema Nakunda. Baadaye akauliza, "Namsi yuko shule?"

"Yuko shule."

"Asije akapita huku kwenye mteremko peke yake. Unateleza."

"Hatapita."

Maneno mengine aliyosema baada ya hapo yalikuwa ya kwao wawili, na Kisaka hakuwahi kumwambia mtu.

Ukungu ulipasuka alasiri, ghafla, kama unavyofanya kule milimani. Mama Togolai alikuwa ametoka kuchukua kuni. Akainua macho kutazama ng'ambo, akaona migomba, akaona nyumba, akatafuta paa la zizi asilione. Akatupa kuni akapiga mayowe. Mrindoko na wanawe walishuka korongo kwa kubiringika na kupanda upande wa pili kwa mikono na magoti. Togolai akaingia chini ya boriti pamoja na baba yake mdogo, wengine wakafukua. Walifanya kazi haraka kuliko watu walivyowahi kuwaona wakifanya. Walipomtoa Nakunda, mwili wake ulikuwa bado una joto. Mama Togolai akamlaza kwenye mapaja yake, akamfuta udongo usoni kwa kanga, akamwita kwa jina lake la usichana. Hakuitika.

Kisaka alibaki ameinama vile vile. Walipomwondolea boriti begani hakuweza kunyooka, wakamkalisha chini kama mtoto.

Watu wakajaa kwenye mteremko ule ambao hapo awali hakuna aliyekuja kuuona. Walikuja na kuni, na mahindi, na mwinjilisti akaja na wanakwaya. Siku ya maziko, jeneza lilipotolewa nje, wanawake walianza kulia kama ilivyo desturi, na mmoja wao, shangazi ya marehemu, akaanzisha maombolezo kwa sauti kubwa, "Njooni! Njooni mwone, Nakunda ametuacha! Njooni mwone!"

Nyuma ya nyumba, alikofungwa, mbuzi akaitika.

Shangazi akarudia, maana hakujua. Mbuzi akaitika tena, kwa nguvu zaidi, akivuta kamba. Waliojua wakaacha kulia. Kimya kikaenea kutoka kwa huyu hadi kwa yule mpaka ikabaki sauti ya mbuzi peke yake, akiitika na kuitika, akishangaa kwa nini anaitwa halafu hafunguliwi. Kisaka alikuwa amekaa juu ya jiwe, kichwa mikononi. Watu waliona mabega yake tu.

Alikuwapo bibi mmoja mkongwe wa ukoo, Bibi Nachuma, ambaye alikuwapo pia siku ya kugawa shamba, na siku ile alicheka pamoja na wengine. Yeye ndiye aliyesema, si kwa kumsuta mtu, bali kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Mwita mbuzi kwa kinyongo, kilioni huitikiwa na mbuzi." Akainuka kwa shida, akaenda nyuma ya nyumba, akamfungua yule mnyama.

Baada ya maziko wengi walirudi makwao. Wa karibu wakabaki matangani. Mrindoko alikaa mbali na nduguye, karibu na mlango, siku nzima, hakula. Jua lilipokuwa linateremka aliinuka, akaja akaketi chini, kwenye udongo, mbele ya Kisaka. Mtu mzima mwenye mvi, amekaa chini mbele ya mdogo wake.

"Nilikusikia," akasema.

Kisaka akamtazama.

"Ile mara ya kwanza nilisikia. Na ya pili. Mama Togolai akaniambia, hii sauti leo siyo ya kumwita mbuzi. Nikamwambia ni yeye huyo huyo, hachoki. Mvua inanyesha, ukungu umefunga, na bado anatutukana. Nikamwita mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala ndani, miguuni kwangu. Sikuwa na haja naye."

"Mimi nilidhani unanijibu," akasema Kisaka.

"Unasemaje?"

"Ulisema mmeona. Nikamwambia Nakunda wameona, wanakuja. Nikafurahi, kaka."

Neno lile la mwisho halikuwahi kusikika kinywani mwake tangu walipogawana shamba. Mrindoko akasogea karibu zaidi. Akashika mguu wa nduguye kwa mikono yote miwili na kuushikilia.

"Ile siku ya kugawana," akasema mwishowe, "nilitania. Nilipofika nyumbani nilijua nimekosea. Nikasema kesho nitavuka. Kesho yake nikasema kesho. Halafu ukaleta mbuzi."

"Nakunda aliniambia nivuke mimi."

"Na Mama Togolai aliniambia mimi."

Waliketi hivyo mpaka giza lilipoingia na mtu akaja kuwasha taa, akawakuta, akarudi nayo.

Kuanzia hapo mbwa wa Mrindoko hakuitwa tena kwa jina lile. Walimpigia mluzi, naye akazoea upesi, mbwa ni mwepesi wa kujifunza. Namsi alihamia kwa mama yake mkubwa ng'ambo, kwa kuwa nyumba bila mwanamke ilimshinda, na jioni alivuka korongo na baba yake mkubwa kumpelekea baba yake chakula. Wana wa Mrindoko walikuja wakaujenga upya ule ukuta. Kibao chenye jina la Jiwe-Limezaa, ambacho Kisaka alikuwa amekisimika njiani, alikitoa mwenyewe akakichoma, na shamba likabaki bila jina. Kina Mama Togolai, kila walipolitaja, walisema "kwa Nakunda."

Tatizo lilibaki kwa mbuzi. Kisaka alijaribu kumbadilisha. Alimwita Madoa asubuhi, akamwita Madoa mchana na chumvi mkononi, akamwita kwa upole, akamwita kwa kubembeleza mpaka watoto wakaona haya kusikiliza. Mbuzi aliendelea kula majani. Alikwisha kuwa na jina lake, na hakujua kwamba lina ubaya wowote. Watu walimshauri Kisaka amuuze, au amchinje. Alikataa. Alisema mbuzi yule ndiye peke yake aliyekuja alipoita.

Kwa hiyo kila jioni, ukungu ulipoanza kupanda, Kisaka aliacha kazi yake akaupanda mteremko kwa miguu kumtafuta mbuzi wake. Bega lake moja lilikuwa limeharibika, hakuweza kulinyanyua, na vichaka vya kule juu ni vya miiba. Alimtafuta kimya kimya, huku na huku, akichungulia nyuma ya mawe, wakati neno moja tu lingetosha kumleta mbio. Akimpata, alimshika pembe akashuka naye taratibu. Alifanya hivyo kiangazi na masika, hadi mbuzi alipozeeka akafa kifo chake mwenyewe, na nywele za Kisaka zikawa nyeupe.

Vijana wa wakati huo waliokuwa wakipita njia ya sokoni, ambao hawakuyajua ya nyuma, walikuwa wakisimama kumtazama yule mzee akihangaika mlimani. Walicheka, wakaulizana, kwani yule mzee ni bubu? Mbona hamwiti mbuzi wake akaja? Na wakubwa waliokuwa nao waliwavuta mkono waendelee na safari, wakawajibu kwa sauti ya chini, ili maneno yasivuke korongo: mwita mbuzi kwa kinyongo, kilioni huitikiwa na mbuzi.